Ushauri Usiokataliwa

Tarehe 6 Septemba 2022, katika kasri la Balmoral huko Scotland, Malkia Elizabeth II, akiwa na umri wa miaka 96 na fimbo ya kutembelea mkononi, alipokea wageni wawili kwa zamu. Wa kwanza, Boris Johnson, alifika kujiuzulu uwaziri mkuu. Wa pili, Liz Truss, alifika kukabidhiwa jukumu la kuunda serikali. Siku mbili baadaye Malkia alifariki dunia. Picha ya mkutano ule ilizunguka ulimwengu mzima, na wengi waliitazama kama picha ya mamlaka: mtu mmoja anaiaga serikali asubuhi na kuikaribisha nyingine adhuhuri. Kisheria ndivyo ilivyokuwa. Kisiasa, hapakuwa na uamuzi wowote uliotoka kwake. Johnson alikuwa ameangushwa na mawaziri wake mwenyewe, waliojiuzulu kwa makundi mwezi Julai. Truss alikuwa amechaguliwa na wanachama wa chama cha Conservative. Kazi ya Malkia ilikuwa kuyapa maamuzi ya watu wengine sura ya dola.

Nimefundisha somo la uraia katika shule ya sekondari kwa muda mrefu, na kila tunapofika kwenye aina za serikali huwa naona jinsi ufalme wa kikatiba unavyopitishwa harakaharaka: mfalme ni mkuu wa nchi, waziri mkuu ni mkuu wa serikali, twende mbele. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayafiki kwenye kiini. Kiini ni kanuni moja tu, kwamba mfalme hutenda kwa ushauri wa mawaziri wake, na kwamba ushauri huo hana ruhusa ya kuukataa. Kanuni hiyo ndiyo iliyoubadilisha ufalme wa Uingereza kutoka utawala wa mtu kuwa utawala wa Bunge, na bila kuielewa hatuwezi kuelewa vizuri kilichotokea kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wala kwa nini katiba zetu zimeandikwa jinsi zilivyoandikwa.

Tuanze na namna inavyofanya kazi siku kwa siku. Mfalme wa Uingereza hupelekewa masanduku mekundu yenye nyaraka za serikali, huzisoma na kutia saini zinazohitaji saini yake. Mara moja kwa wiki hukutana na Waziri Mkuu faraghani, bila mwandishi wa kumbukumbu. Tangu karne ya 19 imekubalika kwamba katika mazungumzo hayo mfalme ana haki tatu: kuulizwa maoni yake, kutia moyo, na kuonya. Anaweza kumwambia Waziri Mkuu kwamba jambo fulani litaleta balaa. Akishaonya na asisikilizwe, hutia saini. Mara ya mwisho kwa mtawala wa Uingereza kukataa kuridhia muswada uliopitishwa na Bunge ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne, na hata safari ile alikataa kwa kufuata ushauri wa mawaziri wake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibuni. Tarehe 7 Novemba 2023 Mfalme Charles III alikaa kwenye kiti chake katika Baraza la Malodi, chumba cha Bunge kisichochaguliwa na wananchi, taji kichwani, akasoma hotuba ya kufungua Bunge. Hotuba hiyo huandikwa na serikali, neno kwa neno, na mfalme huisoma akisema "serikali yangu". Siku ile serikali yake ilikuwa ya Waziri Mkuu Rishi Sunak wa chama cha Conservative, na mojawapo ya mambo aliyoyatangaza ni muswada wa kutoa leseni mpya za mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini kila mwaka. Charles alikuwa ametetea mazingira hadharani kwa zaidi ya nusu karne akiwa mrithi wa kiti. Aliisoma bila kutikisika sauti. Miezi minane baadaye, tarehe 17 Julai 2024, baada ya chama cha Labour kushinda uchaguzi, mtu yuleyule alikaa kwenye kiti kilekile na kusoma mpango wa Waziri Mkuu mpya, Keir Starmer, wa kuanzisha kampuni ya umma ya nishati safi. Sauti ilikuwa ileile. Mtu asiyejua siasa za Uingereza angemsikiliza mara zote mbili asingetambua ni hotuba ipi iliyompendeza, na hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi yenyewe.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kama hawezi kukataa, anasaini ya nini?" Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa na watu wazima. Jibu langu ni kwamba, kwa kuwa mfalme hawezi kukataa, hawezi pia kulaumiwa, na kwa kuwa hawezi kulaumiwa, lawama inabidi imwangukie mtu mwingine anayejulikana kwa jina: waziri aliyetoa ushauri. Waziri huyo ni mbunge au lodi. Anakaa ndani ya Bunge. Anasimama kujibu maswali mbele ya watu wenye uwezo wa kumwondoa. Saini ya mfalme haifanyi uamuzi, lakini inahakikisha kwamba kila uamuzi una mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo anafikiwa.

Uwezo wa kumwondoa si wa kwenye karatasi tu. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979, Bunge la Makabwela, chumba cha wabunge waliochaguliwa, lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan. Serikali ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja. Mbunge mmoja wa chama chake cha Labour, Sir Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa sana nyumbani kwake Yorkshire; kulikuwa na mjadala iwapo aletwe London kwa gari la wagonjwa, na mwishowe iliamuliwa asihatarishwe. Alifariki siku chache baadaye. Callaghan hakutafuta upenyo wa kubaki. Alisimama papo hapo akatangaza kwamba angekwenda kwa wananchi, na uchaguzi wa Mei ukamwingiza Margaret Thatcher. Nausimulia mkasa huu kwa sababu unaonyesha mamlaka ya Waziri Mkuu yanatoka wapi. Yanatoka kwenye kuungwa mkono na wabunge wengi, na siku uungaji mkono huo unapopungua kwa mtu mmoja, ushauri wake kwa mfalme unakwisha nguvu.

Lakini kanuni hii ina upande wa hatari, na sitamtendea haki msomaji nikiuficha. Katika karne zilizopita mfalme alikuwa na mamlaka mengi ambayo hayakuhitaji idhini ya Bunge: kutangaza vita, kusaini mikataba, kuteua watu, kuahirisha vikao vya Bunge. Mamlaka hayo hayakufutwa yote. Mengi yalibaki kwa jina la mfalme huku yakitumiwa na Waziri Mkuu, na mwenye kisu ndiye mla nyama. Mwezi Agosti 2019, katikati ya mzozo wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wajumbe wachache wa Baraza la Ushauri la Malkia walisafiri hadi Balmoral wakiwa na ushauri wa Boris Johnson kwamba Bunge liahirishwe kwa takribani wiki tano. Kikao cha baraza hilo hufanywa watu wakiwa wamesimama. Agizo husomwa, Malkia husema ameridhia, na jambo limekwisha. Malkia aliridhia, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba Bunge likafungwa.

Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi hiyo, wakiongozwa na Lady Hale, walitamka kwa kauli moja kwamba ushauri aliopewa Malkia ulikuwa kinyume cha sheria, na kwa hiyo agizo lililotokana nao lilikuwa batili. Walisema ni kana kwamba maofisa waliotumwa kuliahirisha Bunge walikuwa wameingia mle ndani na karatasi tupu. Siku iliyofuata wabunge walirudi kwenye viti vyao. Angalieni mahakama iligusa wapi. Haikumgusa Malkia hata kidogo. Iliupekua ushauri, ikatafuta sababu iliyoutetea, ikakuta hakuna sababu ya kuridhisha. Mfalme asiyeweza kukataa ushauri mbaya anahitaji mtu mwingine wa kuukataa kwa niaba ya nchi: Bunge kwanza, na Bunge likizibwa mdomo, mahakama.

Sasa nije kwetu. Watu wengi ninaozungumza nao hushangaa wakisikia kwamba Tanganyika iliwahi kuwa ufalme wa kikatiba. Ilikuwa hivyo kwa mwaka mmoja kamili, kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962. Bendera ya Uingereza iliposhushwa, Malkia Elizabeth II alibaki kuwa mkuu wa nchi, safari hii kama Malkia wa Tanganyika, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa kikoloni tangu 1958. Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Turnbull aliyekuwa akiamuru sasa alishauriwa, na ushauri wa mawaziri wa Tanganyika hakuwa na ruhusa ya kuukataa. Kenya ilipita njia hiyohiyo kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi siku kama hiyo mwaka 1964, Malcolm MacDonald akiwa Gavana Mkuu na Jomo Kenyatta Waziri Mkuu.

Utaratibu huo ulitiwa kwenye mizani mapema sana. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Hapakuwa na uchaguzi mkuu, hapakuwa na vurugu, wala Gavana Mkuu hakujaribu kutafuta mtu wake. Chama chenye wabunge kilikuwa kimeamua, taji likafuata. Kwa kipimo cha taratibu, lilikuwa badiliko safi la serikali, la aina ileile iliyoonekana Balmoral miaka sitini baadaye.

Hata hivyo, taji hilo halikuwa na mizizi. Lilikuwa taji la mkoloni, na hakuna hoja ya kikatiba ingeweza kuwafanya watu waliopigania uhuru walione kama lao. Tena palikosekana kitu kingine kilicho muhimu zaidi, nacho ni watu wa kuupinga ushauri ndani ya Bunge. Katika uchaguzi wa 1960 TANU, chama cha Nyerere, ilipata viti 70 kati ya 71. Katika ukumbi wa Karimjee, lilimokutana Bunge, hapakuwa na upande wa pili wa kumhesabia Waziri Mkuu kura zake. Matokeo yake ni kwamba mwaka huohuo wa 1962, chini ya taji, ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyoruhusu mtu kufungwa bila kufikishwa mahakamani. Mtu anayedhani mfalme wa kikatiba ni ngao ya raia dhidi ya wingi wa wabunge aukumbuke mfano huo. Taji halimkingi mtu yeyote kwa lenyewe. Kinachomkinga ni Bunge lenye watu wanaobishana.

Uganda na Zanzibar zinatufundisha jambo tofauti: nini hutokea mfalme anapokuwa na upande. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ilianza na Gavana Mkuu, kisha mwaka uliofuata Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, Mutesa II, akafanywa Rais asiye mtendaji, mwenye kufuata ushauri wa Baraza la Mawaziri lililoongozwa na Milton Obote. Mtu mmoja akawa na viti viwili. Huko Mengo, kwenye kasri lake, alikuwa mfalme wa watu wake. Huko Entebbe, kwenye ikulu, alikuwa mkuu wa nchi nzima, pamoja na ufalme wa Bunyoro uliokuwa ukidai kutoka Buganda maeneo uliyoyapoteza zama za ukoloni. Mwaka 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo mawili kati ya hayo, walipiga kura warudi Bunyoro. Sheria ya kutimiza matokeo hayo ilihitaji saini ya Rais. Mutesa hakutia saini, na Obote akaitia yeye.

Huwa namwonea huruma Mutesa katika jambo hili, kwa sababu hakuna saini aliyoweza kuitia bila kumsaliti mtu. Akisaini, Kabaka amegawa ardhi ya Buganda. Asiposaini, Rais amekiuka kanuni inayomweka madarakani. Kosa lilikuwa la waliobuni mpangilio ule, waliomkabidhi kiti cha mtu asiye na upande mtu ambaye wadhifa wake wa kwanza ulikuwa kuwa na upande. Mwezi Februari 1966 Obote alisimamisha katiba. Tarehe 24 Mei jeshi, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri la Mengo, na Mutesa akatorokea London, alikofariki mwaka 1969.

Zanzibar ilipewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa na Sultani Jamshid bin Abdullah kama mkuu wa nchi na Mohammed Shamte kama Waziri Mkuu. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 kati ya 31, na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukaunda serikali. Kwa karatasi, Sultani hakuwa na la kujibu kuhusu hesabu hiyo. Machoni pa wengi walioshindwa kwa viti huku wakishinda kwa kura, Sultani na serikali walikuwa kitu kimoja. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yaliviondoa vyote viwili pamoja.

Lesotho ndiyo nchi ya Afrika ninayoona imeandika funzo hili kwa uwazi zaidi, ingawa ililipa gharama hata baada ya kuliandika. Mwezi Agosti 1994 Mfalme Letsie III aliivunja serikali iliyochaguliwa ya Ntsu Mokhehle. Nchi jirani, Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe, zilisukuma kwa pamoja hadi serikali ikarudishwa mwezi Septemba. Katiba ya Lesotho ya mwaka 1993 ilikuwa tayari na kifungu cha kumfaa mfalme anayegoma: pale ambapo mfalme anatakiwa kutenda kwa ushauri na Waziri Mkuu akaridhika kwamba hajatenda, Waziri Mkuu humtaarifu kwamba baada ya muda fulani atalitenda jambo hilo mwenyewe, muda ukipita, hulitenda, huliarifu Bunge, na tendo hilo huhesabiwa kuwa limetendwa na mfalme. Uingereza inategemea mazoea ya karne tatu. Lesotho haikuyategemea mazoea, ikaandika.

Tukirudi Tanganyika, siku ufalme ulipokwisha na Jamhuri ikaanza, swali lilikuwa mamlaka ya taji yaende wapi. Uchaguzi wa rais ulikuwa umefanyika tarehe 1 Novemba 1962, Nyerere akimshinda Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Katiba mpya ilichukua mamlaka ya kisheria yaliyokuwa ya Malkia na mamlaka halisi yaliyokuwa ya Waziri Mkuu, ikayaweka mikononi mwa mtu mmoja. Kisha ikaongeza kwamba Rais atatenda kwa hiari yake na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa sheria ikitaka vinginevyo. Kanuni iliyokuwa inamfunga mkuu wa nchi mwaka mzima uliotangulia ilipinduliwa juu chini kwa sentensi moja. Nazielewa sababu za wakati ule. Nchi ilikuwa changa na maskini, chama kilikuwa kimoja kwa hali halisi, na waliokuwa madarakani waliamini kwamba kugawa uongozi kungeleta mvutano ambao taifa lisingeumudu. Ninachokipinga ni kwamba sababu hizo zilipita, sentensi ikabaki. Imo hadi leo katika Ibara ya 37 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977.

Tofauti yake inaonekana vizuri zaidi kwenye njia ya muswada. Kwa Ibara ya 97, Rais wa Tanzania akiukataa muswada, Bunge linaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kumrudishia. Hapo atatakiwa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo itabidi alivunje Bunge. Mbunge anayefikiria kumpinga Rais mara ya pili anajua kwamba huenda anaiweka rehani nafasi yake mwenyewe. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilichagua njia nyingine. Rais anaweza kuurudisha muswada pamoja na maoni yake, na Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, ana siku saba za kutia saini. Siku hizo zikipita bila saini, muswada huhesabiwa kuwa umeridhiwa. Ni fikra ileile iliyomo katika kifungu cha Lesotho, imewekwa ndani ya jamhuri, bila taji na bila mfalme.